Mlango Aliofungua Masika

Butembo, 11 Machi 2024

Mudogo wangu Jokébed,

«Butembo ni mji wa makontena na pikipiki. Masikio yake hayakuwa tayari kwa gita la umeme, na ndiyo maana albamu ya bendi ya Les Tôles ilikufa kabla ya kuzaliwa.» Ameandika hivyo bwana mmoja wa Goma, jina lake Ananie, mwenye ukurasa wa muziki kwenye intaneti, ambaye sidhani kama amewahi kulala katika mji anaouhukumu. Unisamehe kwa kutanguliza uwongo wa mtu mbele ya salamu. Ulikuwa umenikaa kooni.

Sasa salamu. Hujambo huko Beni? Sisi tuko. Mke wangu Virginie anakohoa kwa ajili ya vumbi, watoto wanasoma, na yule mdogo ameingia kwaya ya shule, anaimba vibaya kama baba yake. Mama yuko. Magoti yanamsumbua asubuhi, halafu jua likipanda anatoka kukaa nyuma ya nyumba na kazi zake. Mama anakusalimia.

Turudi kwa Ananie. Mji ambao kila avenue, kila mtaa, ina jenereta zake zinazonguruma mpaka watu walale, utashindwa na gita moja? Mji wa mafundi wanaochomelea vyuma kutoka asubuhi mpaka jioni, utaogopa ngoma za Malachie wetu? Hajui hata jina letu lilitoka wapi. Tulijiita Les Tôles, yaani Mabati, kwa sababu tulifanya mazoezi chini ya mabati ya depo ya baba yake Malachie, na mvua ikinyesha hatukusikiana, tukaendelea kupiga, na tukimaliza tunakuta watu wamejaa mlangoni. Walikuja kujikinga na mvua, nakubali. Lakini mvua ilikatika na hawakuondoka. Huyo Ananie alikuwa wapi?

Albamu haikufa. Ina nyimbo kumi, tulizirekodi kwa Kitsa, katika chumba chake chenye magodoro ukutani, na katika nyimbo hizo mudogo wetu Éliakim anapiga gita kama hakuna mwingine aliyepiga katika Kivu hii. Ameondoka duniani miaka mitano sasa, na vidole vyake viko ndani ya diski, na diski iko kwako. Uliichukua Novemba 2019, ukashuka Beni bila kuaga mtu. Sikukufuata. Nilisema ana huzuni, itapita. Haijapita?

Malachie amepata mtu Kampala aliye tayari kuitoa kabla ya mwaka kwisha. Mpe diski Mariette, huyu huyu anayekuletea barua. Kila wiki anashuka na vitunguu, ni mtu wa kuaminika. Simu zangu huzipokei, basi nijibu kwa karatasi.

Kaka yako,
Kasonia

*

Beni, 2 Aprili 2024

Yaya Kasonia,

Nimepokea barua yako, kaka yangu, na mimi nawasalimia wote. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa Mangina kununua kakao. Bei imepanda, wakulima wanacheka, sisi wanunuzi tunacheka kidogo. Afya iko. Jumapili ninapiga besi kanisani, polepole, mchungaji hapendi ikisikika sana.

Mwambie Virginie asante kwa maharagi aliyonitumia na Mariette. Yalichambuliwa vizuri, hata jiwe moja sikuliona. Anajisumbua kila mavuno, na mimi sijamtumia kitu.

Simu zako sizipokei kwa sababu kwa simu unanikata maneno. Kwenye karatasi huwezi.

Diski iko. Nimeifunga katika kitenge, haijaingia maji. Nyimbo tisa nitakupa ukitaka, hata kesho. Wimbo wa nane hapana. Usiniulize sababu, weka tisa, watu wasikie gita la Éliakim.

Kitu kimoja nataka kujua. Ukiandika «Mama anakusalimia», ni yeye anasema, au ni wewe unaandika?

Jokébed

*

Butembo, 14 Aprili 2024

Jokébed,

Salamu kwa wenyeji wako. Hapa ni wazima. Virginie amepona kikohozi. Mama ni mama, salamu zake hazihitaji mhuri wa bureau ya serikali.

Nyimbo tisa! Mtu anakuomba nyumba, unampa kuta tatu. Ni mchungaji wako amekukataza? Kama ni yeye, nipe jina lake, nitamwandikia. Nimeshajibizana na wachungaji wakubwa kuliko yeye, na vitabu vyao navijua.

Wimbo wa nane ndio albamu. Umesahau ulivyozaliwa? Nitakukumbusha. Ni ile Aprili 2019, wakati wa Ebola. Watu wa Riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, walikuja na gari lao, wakamchukua Éliakim kutoka kitandani kwetu, na siku ya tatu wakatuambia amekufa. Hatukumwosha, hatukumgusa. Walimzika wao wenyewe katika mfuko, na Mama alisimama kwenye uzio akalia kwa Kinande mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa na kinasa sauti cha Kitsa mfukoni. Nikakiwasha. Nilijua kwamba huzuni ya namna hiyo ikipotea, tumezikwa sisi sote. Alikuwa anakuita wewe, kwa jina lako la nyumbani, jina la binti wa kwanza: Masika, umfungulie mlango. Mama anamwomba dada amfungulie marehemu arudi ndani. Nani ameandika kitu kama hicho? Niliweka sauti yake juu ya gita la mwisho la Éliakim, nikairudia kama kiitikio, na wewe mwenyewe ulipiga besi juu yake huku machozi yanakutoka. Unataka nikifungie kwenye kitenge?

Na ndani ya kava nitachapa maneno yangu ya redio ya mwaka ule. Unayakumbuka, mji mzima unayakumbuka. «Aliyepiga simu kuwaita aliuza ndugu yake. Siku tutakapojua jina lake, hatakuwa na avenue ya kukaa.» Miaka mitano imepita na huyo mtu bado anakula bugali katikati yetu. Wimbo utamkuta popote alipo. Nataka ausikie, ashindwe kumeza.

Nyimbo kumi, Jokébed. Usinipunguzie.

Kasonia

*

Beni, 30 Mei 2024

Yaya Kasonia,

Salamu kwanza, kwa sababu Mama alitufundisha hivyo. Mimi ni mzima. Mvua imeharibu daraja dogo la njia ya Mangina, tunavuka kwa miguu. Mwambie tena Virginie asante, maharagi mengine yamefika.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sasa nitaandika mpaka mwisho, usome ukiwa umekaa.

Mama alilia kwa Kinande cha kwao, cha wazee. Wewe unasoma wanafalsafa wa Kifaransa, na Kinande chako kinaishia kwenye salamu na bei ya ndizi. Hakusema «umfungulie». Alisema «uliwafungulia». Kwa Kinande kama kwa Kiswahili chetu, mbali na wakati wa kitendo, tofauti ni kipande kidogo cha neno: mu ni mtu mmoja, ba ni wengi. Wewe ulisikia mu. Mama alisema ba. Masika, ni wewe ulibafungulia mlango.

Ni mimi niliyepiga simu.

Asubuhi ile damu ilikuwa inamtoka Éliakim puani. Ulikuwa umemshika mgongo kwa mikono mitupu, unasema ni malaria, unasema Ebola ni biashara ya wakubwa. Virginie alikuwa ananyonyesha katika chumba kile kile. Ulikuwa umefunga lango kwa kufuli ili mtu asiingie. Nilienda nyuma ya jikoni na simu. Mama alikuja kuchukua makala, mkaa wa kupikia, akanikuta natoa jina la avenue yetu. Alichukua makala yake akarudi ndani. Gari lilipofika, nilitoa ufunguo ndani ya koti lako na nikafungua lango mimi mwenyewe. Wewe ulifikiri wamelivunja. Jiwe la kwanza lililopiga lile gari, ulilirusha wewe.

Hujawahi kujiuliza kwa nini ugonjwa ulichukua mmoja tu katika nyumba yetu? Muulize Virginie, siku ile aliposema anaenda soko na watoto, alienda wapi kweli. Nilimpeleka mimi, wakachanjwa wote. Alifikiri nimesikia habari za chanjo kanisani. Zaidi ya hapo hajui.

Halafu ukaenda redioni. Kila Alhamisi. Aliuza ndugu, hatakuwa na avenue. Watu wakapiga makofi, na wewe ukarudi nyumbani ukaniambia: «Mudogo, tufanye mazoezi.» Nikafanya. Uliponiona nalia juu ya besi, ulifikiri ni muziki.

Mama hakusema neno tena. Alinishtaki mara moja, mbele ya maiti ambayo hakuruhusiwa kuikaribia, kwa lugha ambayo vijana wenye mawe mle barabarani hawakuielewa. Nafikiri alijua hawataielewa. Sina hakika. Na wewe ukachukua hayo maneno ukayafanya kiitikio, mara kumi na sita.

Siku Kitsa alipotusikilizisha albamu nzima, dirisha lilikuwa wazi. Yule mama mzee aliyekuwa anauza mikate pale nje alisimama akauliza: «Huyu Masika, alibafungulia ba nani?» Ninyi mlikuwa mnacheka na Malachie, hamkusikia. Mimi nilisikia. Usingizi wangu wa mwisho katika Butembo uliishia pale. Nikachukua diski.

Sijuti kupiga simu. Nikirudi kwenye asubuhi ile nitapiga tena, mapema zaidi. Aibu yangu ni nyingine: nilikaa kimya nikapiga besi juu ya maneno yako.

Sasa unajua nani anakula bugali katikati yenu. Anakula Beni.

Jokébed

*

Butembo, 6 Julai 2024

Jokébed,

Salamu nyingi. Barua yako ya Mei ilifika. Hapa tumepokea wageni: baba mdogo Syauswa na watu wake wamekimbia Luofu kwa ajili ya vita, walitembea mpaka Lubero na kutoka pale wakapata lori. Wamelala sebuleni. Wameacha viazi shambani, vilikuwa karibu kuvunwa. Mbuzi mmoja wamemleta, amekula pazia la Virginie. Watoto wanafurahi.

Kitsa amefunga studio, anatengeneza simu. Mvua ni chache.

Kasonia

*

Beni, 21 Julai 2024

Yaya,

Nimetuma kwa Mariette sabuni na nguo za watoto wa baba mdogo. Pole kwao.

Umeniandikia habari za viazi na mbuzi. Mimi nilikuandikia habari nyingine.

Msamaha wa barua siutaki, hata ukiuandika. Ulinihukumu redioni, kwa sauti ile watu wanaipenda. Nitakuwa hapa. Redio ya Butembo inafika mpaka kwenye kilima cha nyuma yetu, ukipandisha antena.

Jokébed

*

Butembo, 13 Oktoba 2024

Masika,

Nakuita hivyo, kama nyumbani. Salamu kwako. Watoto ni wazima, baba mdogo amepata kipande cha shamba cha kukodi, mbuzi ameuzwa.

Nimenyamaza tangu Julai. Mimi, ambaye nimejibu maaskofu, mawaziri na kila mjinga mwenye intaneti, nilikaa na karatasi nikakosa sentensi ya kwanza. Nilitafuta kosa katika barua yako ili nikupinge. Ndivyo nilivyo, unanijua. Nilikopa kwa Kitsa ile nakala mbovu ya wimbo wa nane aliyobaki nayo, nikausikiliza nikiwa peke yangu. Ni ba. Inasikika wazi. Sijui niliwezaje kusikia kitu kingine. Najua: nilisikia nilichotaka, kwa sababu kilikuwa kinafaa kwenye wimbo.

Virginie nilimuuliza. Alisema: «Ulikuwa unapiga makelele juu ya chanjo mpaka kwa meza. Nani angekuambia?» Akaendelea kukunja nguo. Nilimshukuru pia kwa maharagi anayokutumia. Akasema: «Maharagi gani?»

Nikaenda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekaa na ungo kwenye magoti, anachambua. Nakuandikia kama ilivyokuwa, usiseme nimepamba.

«Mama, ulijua ni Masika alipiga simu?»

«Nilimuona na macho yangu.»

«Na hukuniambia.»

«Nikuambie wewe? Ungekimbia nayo kwa redio kabla bugali haijaiva.»

«Mbona hii miaka yote humsalimii?»

Alinyanyua ungo akaupepeta, makapi yakaniangukia viatuni. «Ni nani alikuambia simusalimie? Haya maharagi, Mariette anayatoa kwako?»

Ndipo nikamwambia juu ya kinasa sauti. Nilifikiri atasema maneno mazuri, nakiri hivyo. Aliweka ungo chini.

«Ulinikamata sauti nikiwa nalia?»

«Ndiyo, Mama.»

«Mutoto wangu alikuwa ndani ya mufuko. Yale nilisema ilikuwa ya ile siku. Kesho yake ilikuwa imeisha, nilishaiacha pale kwa uzio. Wewe ukaiokota ukaifanya ya kila siku.» Akapangusa makapi kwenye magoti. «Kilio ni cha mutu moja, siku moja. Iondoe. Sitaki kujisikia nikimushitaki mutoto yangu kwa simu za watu.»

Nilimuuliza kama bado anakushitaki. Alisema: «Enda ukafanye kazi.» Basi sijui. Sikuletei salamu ambazo hakunituma. Zile nilizokuwa naandika zilikuwa zangu. Za kwake umekuwa ukizila.

Nakala ya Kitsa tumeifuta, Mama akiwa amekaa pale. Diski yako ibaki kwako. Kitsa anasema sauti ya Mama na gita la Éliakim ziko mbalimbali humo, moja inaweza kutoka bila nyingine. Utaamua wewe, au hutaamua kitu. Mtu wa Kampala nimemwambia hapana. Na Ananie sitamjibu. Masikio ya Butembo yalikuwa tayari. Yasiyokuwa tayari yalikuwa mawili, na yote ni yangu.

Ile avenue bado ina watu wa mwaka ule. Ndiyo maana katika maneno haya hapa chini hutajwi, wala haionekani kama ni mwanaume au mwanamke, ndugu au jirani. Nimeomba redioni saa ile ile, Alhamisi, ya tarehe 24. Mkurugenzi aliuliza ni nani ninampiga kwa maneno safari hii. Nilimwambia atamtambua. Ukikuta neno linaloweza kukuumiza, lifute, unirudishie na Mariette kabla ya siku hiyo. Asiporudi na karatasi, nitasoma hivi:

«Aliyepiga simu kuwaita aliuza ndugu yake. Siku tutakapojua jina lake, hatakuwa na avenue ya kukaa.» Maneno hayo yalisemwa kwenye redio hii mwaka 2019 na mtu mmoja anayeitwa Kasonia. Nimekuja kuyapinga, na ninamjua vizuri ninayempinga.

Alisema ugonjwa ni biashara. Mudogo wake alikuwa anatoka damu mbele yake, na yeye alikuwa amefunga lango kwa kufuli. Alisema aliyepiga simu aliuza ndugu. Katika nyumba ile kulikuwa na mama mzee, mke wa Kasonia, na mtoto wa kunyonya. Wako hai. Mtoto yule leo anaimba kwenye kwaya ya shule, vibaya lakini kwa nguvu. Kama ni kuuza, nionyesheni aliyeuzwa. Éliakim alikuwa anakufa kabla ya simu, na kama kuna mtu alimchelewesha, ni huyu mwenye ufunguo mfukoni.

Alisema hatakuwa na avenue ya kukaa. Hilo peke yake lilitimia. Mtu aliyeokoa nyumba hajapata tena pa kukaa kwa amani, kwa ajili ya sentensi nilizozitengeneza vizuri ili zipigiwe makofi. Jina lake halitatoka kinywani mwangu, na ninayo aibu kwamba nililitafuta.

Sasa nasema na ninyi wa avenue yetu, ninyi mliosimama chini ya paa la depo mkinisikiliza kwa redio kila Alhamisi. Mliokota mawe baada ya langu. Mliyabeba maneno yangu mkawapa watoto wenu, na watoto bado wanayasema wakicheza, nimewasikia wiki hii. Zimeni redio. Waiteni hao watoto, sasa hivi, kabla hawajalala, muwaambie kwamba aliyefunga lango ndiye alikuwa na kosa, na kwamba amekiri mwenyewe kwa sauti yake. Na mkisikia mtu kwenye avenue anauliza tena ni nani aliyewafungulia mlango, mleteni kwangu. Msimpeleke mahali pengine.